MAFUNZO YA KULIMA CHAKULA NYUMBANI: HISTORIA YAKE KATIKA BUNGOMA NA KITALE



Ni desturi ya kijitabu hiki cha taarifa ya mwaka kuonyesha kwanza hesabu ya fedha, kisha idadi ya wanachama, wagonjwa waliotazamwa, na misiba iliyosaidiwa. Hayo yote yamo katika kurasa zake. Ukurasa huu tumeutenga kwa ajili ya swali ambalo wazee kadhaa wametuuliza, nalo ni hili: chama kilichoundwa kwa ajili ya kusaidiana katika ugonjwa na mazishi kina shughuli gani na mafunzo ya kulima mboga, hali kila mtoto aliyezaliwa Bungoma au Kitale huijua kazi ya jembe tangu utotoni?

Swali hili ni la haki. Fedha za chama ni jasho la watu, na haifai zitumike kwa jambo lisilo na maana. Kwa hiyo hatukupenda kulijibu kwa maneno ya haraka. Tumeona ni afadhali turudi nyuma, tutazame ni nani waliowahi kuwafundisha watu wetu kulima chakula nyumbani, walifundisha kwa njia gani, mafunzo yapi yalishika mizizi na yapi yalinyauka. Tukiisha kuyaona hayo, kila mwanachama ataweza kupiga kura yake kwa moyo mweupe.

SHULE YA ZAMANI

Kabla ya kuja kwa shule za kuandika, boma lenyewe lilikuwa shule. Mtoto wa Kibukusu alijifunza wimbi na mtama kwa kufuata mkono wa mama yake shambani. Wimbi lilikuwa chakula na pia lilikuwa akiba, kwa maana huweza kukaa ghalani miaka mingi bila kuharibiwa na wadudu. Nyuma ya nyumba, mahali palipotupwa majivu na samadi, palimea mboga: saga, mnavu, kunde, mitoo, mrenda, na enderema iliyotambaa juu ya ua. Mama alijua ipi ni chungu na ichanganywe na ipi, alijua kuzipika kwa chumvi ya majivu na kuzitia maziwa, na alijua kuacha mashina machache yakomae ili apate mbegu za mwaka ujao.

Elimu hiyo haikuandikwa popote. Ilikaa katika vichwa vya wanawake, na ilipita kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu. Neno hili lishikwe sana na msomaji, kwa sababu historia yote inayofuata ni habari ya watu waliokuja kufundisha kilimo, na mara nyingi hawakumwuliza mwanamke huyo anajua nini.

MAHINDI, POSHO NA AMRI

Utawala wa Kiingereza ulileta mabadiliko makubwa. Upande wa Trans Nzoia ardhi iligawiwa walowezi wa Kizungu, hasa baada ya Vita vya Kwanza, na reli ilipofika Kitale mwaka wa 1926 mahindi yakawa mali ya kusafirishwa. Watu wetu wengi walikwenda huko kufanya kazi, wakakaa kama maskwota katika mashamba ya wenyewe. Huko walipewa posho, yaani kipimo cha unga wa mahindi. Mtu aliyekuwa akila wimbi, kunde, maziwa na mboga za aina nyingi akaanza kula unga wa aina moja. Nyumbani nako mahindi yakaenea, kwa sababu yaliuzwa upesi na kodi ilitakiwa ilipwe kwa fedha.

Mwaka wa 1931 daktari Gilks wa Kenya na mtaalamu wa chakula John Boyd Orr walichapisha uchunguzi wao juu ya Wamasai na Wakikuyu, wakaonyesha jinsi chakula cha nafaka tupu kinavyoudhoofisha mwili. Miaka hiyo hiyo, kule Gold Coast, daktari Cicely Williams alieleza ugonjwa wa watoto wanaoachishwa ziwa na kulishwa uji mtupu wa mahindi, nao ndio ugonjwa uitwao kwashiakoo. Basi ikajulikana kwa ushahidi kwamba tumbo laweza kujaa na mwili ukawa na njaa.

Hata hivyo, mafunzo mengi ya kilimo ya siku hizo yalikuja kwa sura ya amri. Chifu aliitisha baraza, afisa akasema, mkalimani akafasiri, na asiyetii akatozwa faini. Katika miaka ya Vita vya Pili watu wa Kimilili waliamriwa kung'oa gugu moja lenye harufu kali lililotoka Amerika. Elijah Masinde na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa walikataa. Wengine walimwona Masinde kuwa mkaidi, wengine walimwona kuwa shujaa. Sisi hatuandiki hapa ili kuwapatanisha. Twataka kuonyesha jambo moja tu, kwamba magugu ni adui wa mkulima, na hakuna mkulima asiyelijua hilo, lakini hata kazi njema hukataliwa inapoletwa pamoja na askari. Uchungu huo, pamoja na mambo mengine mazito ya ardhi na heshima, ulifikia kilele huko Malakisi tarehe 10 Februari 1948, polisi walipofyatua risasi na watu 11 wakafa kwa hesabu ya serikali.

KABETE, NA NJIA ILIYOFIKA KABETE

Kulikuwa na njia nyingine ya kufundisha, nayo ilitoka mbali. Katika kusini ya Marekani, miaka michache tu baada ya 1900, watu weusi waliokuwa watoto na wajukuu wa watumwa walilima ardhi iliyochoka kwa pamba. Katika chuo cha Tuskegee, mwalimu George Washington Carver aliona kwamba mkulima maskini hawezi kuja chuoni. Kwa hiyo mwaka wa 1906 chuo kilitengeneza gari la kukokotwa na wanyama, likapakiwa majembe, mbegu na vifaa vya maziwa, likazunguka vijijini. Carver aliwafundisha watu walime kunde, viazi vitamu na njugu. Wazee wataona kwamba mimea hiyo ni ile ile iliyo katika viunga vyetu.

Mwaka wa 1907 Bibi Anna Jeanes wa Philadelphia alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za watu weusi, na mwaka uliofuata Virginia Randolph akawa mwalimu wa kwanza wa mpango huo. Kazi yake ilikuwa kutembea kutoka shule hadi shule, akifundisha usafi, kazi za mikono na bustani. Mwaka wa 1924 ujumbe wa Phelps-Stokes ulizuru Afrika ya Mashariki, na ndani yake alikuwamo Dk. James Aggrey, Mwafrika kutoka Gold Coast. Mwaka wa 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete karibu na Nairobi, kwa msaada wa fedha kutoka Marekani.

Ubora wa Kabete ulikuwa katika jambo dogo ambalo wengi hawakulitilia maanani. Mwalimu aliyekwenda kusoma hakwenda peke yake, alikwenda na mke wake na watoto. Walipewa nyumba na kipande cha bustani, na mke naye alifundishwa malezi ya watoto, chakula na usafi. Waliporudi kwao, jirani hawakuhitaji kusikiliza hotuba. Walipita njiani wakaona bustani, wakaona choo, wakaona watoto wenye afya, wakauliza. Walimu hao walitawanyika katika wilaya nyingi, zikiwamo za Nyanza.

Lakini yafaa tuseme na upande wa pili. Waafrika wengi waliitilia shaka elimu hiyo. Walisema kwamba mtoto wa Mzungu hufundishwa vitabu na mtoto wa Mwafrika hufundishwa jembe, ili abaki chini daima. Wazee wa Bungoma waliopigania shule za sekondari walikuwa na haki ya kusema hivyo, na matunda ya mapigano yao tumeyala sisi tuliosoma. Jembe likiletwa mahali pa kitabu, ni dhuluma. Likiletwa pamoja na kitabu, ni neema.

VYAMA VYA WANAWAKE NA VYUO VYA WAKULIMA

Baada ya Vita vya Pili, Kabete iligeuzwa kuwa kituo cha mafunzo ya maendeleo ya jamii, na huko ndiko kilikoanzia Maendeleo ya Wanawake mwaka wa 1952. Wanawake walikutana vijijini wakafundishwa kushona, kupika, kulea watoto na kulima mboga. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na katika mkoa wa Kati serikali ilikitumia chama hicho kwa siasa zake, jambo ambalo wengi hawakulisahau. Pamoja na hayo, wanawake walikitwaa kikawa chao, na mwaka wa 1958 Bibi Phoebe Asiyo akawa mwenyekiti wake wa kwanza Mwafrika.

Baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954, serikali ilizidi kujenga vyuo vya kufundishia wakulima. Kwetu Bungoma wengi wanakijua chuo cha Mabanga. Mkulima alikwenda akalala huko siku kadhaa, akafundishwa ng'ombe wa maziwa, kahawa na mahindi, akarudi. Kwa vijana, mwaka wa 1962 zilianzishwa klabu za 4-K shuleni, na maana ya K hizo ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Klabu hizo zilififia kwa miaka mingi, kisha serikali ikazifufua mwaka wa 2021.

Kasoro ya mafunzo hayo ilionekana kwa uwazi katikati ya miaka ya 1970, mtafiti Kathleen Staudt alipochunguza huduma za mabwana shamba katika wilaya jirani ya Kakamega. Aliona kwamba nyumba zilizoongozwa na wanawake, ambazo waume zao walikuwa kazini mbali au wamefariki, zilitembelewa mara chache kuliko nyumba zenye mwanamume, hata pale mwanamke alipokuwa mkulima hodari. Bwana shamba aliingia bomani, akamwuliza mwenye nyumba, akaambiwa yuko Nairobi, akaenda zake. Na mwenye jembe alikuwa amesimama pale pale! Lakini mtafiti huyo aliona na jambo lingine la kutupa moyo, kwamba wanawake wenye vyama vyao vya kusaidiana walipashana habari wenyewe kwa wenyewe, na ujuzi uliwafikia kwa njia hiyo. Wanachama walitie alama neno hili, kwa maana chama cha kusaidiana ndicho sisi.

MBEGU YA KITALE

Hatuwezi kuandika historia hii tusiitaje mbegu ya Kitale. Mwaka wa 1955 Michael Harrison alianza kazi ya kuboresha mahindi katika kituo cha utafiti cha Kitale. Mwaka wa 1956 kampuni ya Kenya Seed iliundwa mjini humo, mwanzo ikishughulika na mbegu za majani ya mifugo. Mahindi ya Kitale yalichanganywa na mahindi yaliyotoka Ecuador, na mwaka wa 1964 ikatolewa mbegu ya mseto iitwayo H611. Wakati huo watu wengi wa Bungoma walikuwa wakihamia Trans Nzoia katika mashamba yaliyogawiwa baada ya walowezi kuondoka, na mbegu hii ikawapokea. Ilienea upesi mno. Mkulima aliona shamba la jirani, akaona gunia, akaenda dukani. Hakuna aliyelazimishwa.

Faida yake ni kubwa, na haifai mtu yeyote aidharau. Trans Nzoia ililisha nchi. Watoto walilipiwa karo kwa mahindi hayo. Walakini ilikuja na masharti mawili. La kwanza, mbegu ya mseto hununuliwa kila mwaka, na mkulima akihifadhi ya mavuno yake hupungukiwa. La pili, shamba lilizidi kuwa la mmea mmoja. Upande wa Bungoma jambo hili lilizidishwa na miwa, kwa maana kampuni ya sukari ya Nzoia iliundwa mwaka wa 1975 na kiwanda kikaanza kusaga mwaka wa 1978. Miwa hukaa shambani zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kukatwa, na ardhi iliyo chini ya miwa haioti kunde. Nyumba nyingi zikawa na fedha mara moja kwa muda mrefu, na katikati ya muda huo zikanunua mboga sokoni.

MWAKA WA 1984 NA NYUMBA YA MANOR

Mwaka wa 1984 mvua ilikosa katika sehemu kubwa ya Kenya. Wenye umri wanayakumbuka mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka nchi za nje. Katika mwaka huo huo, karibu na Kitale, kilianzishwa chuo cha kilimo cha Manor House. Jina hilo kwa Kiingereza ni nyumba ya bwana mwenye shamba kubwa, na ni jambo la kupendeza kwamba chini ya jina hilo watu walianza kufundishwa namna ya kuishi kwa shamba dogo.

Njia iliyofundishwa pale ilitoka kwa John Jeavons wa California, aliyechapisha kitabu chake cha kwanza juu ya jambo hili mwaka wa 1974, naye aliifuata kazi ya mkulima Mwingereza Alan Chadwick. Tuieleze kwa kifupi. Tuta hulimwa mara mbili: kwanza huondolewa udongo wa juu kiasi cha sentimita 30, kisha udongo wa chini hulegezwa kwa uma sentimita 30 nyingine, na ule wa juu hurudishwa pamoja na mboji. Mizizi hushuka chini badala ya kugombana pembeni, kwa hiyo miche hupandwa karibu karibu, majani yake yakafunika udongo na kuzuia jua lisikaushe maji. Mboji hutengenezwa kwa majani makavu, majani mabichi na samadi, vikipangwa tabaka juu ya tabaka. Mbegu huhifadhiwa na mkulima mwenyewe. Hakuna kinachonunuliwa katika hayo ila jembe na uma.

Chuo hicho kilipokea vijana kwa masomo marefu na wakulima kwa masomo ya siku chache, na wanafunzi walitoka kwenda kufanya kazi na vikundi vya vijijini. Mwaka mmoja kabla yake, 1983, shirika la Wasweden la Vi lilikuwa limeanza kazi ya kupanda miti upande wa Pokot Magharibi, likaja kufundisha na wakulima wa Kitale kuchanganya miti na mazao. Ndivyo mji uliojulikana kwa gunia la mahindi ulivyokuwa pia mji wa kufundisha bustani.

Sisi makarani hupenda hesabu, basi tuifanye hapa. Tuta la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 6 lina eneo la mita za mraba 7.2. Matuta matano ni mita za mraba 36. Robo ya ekari ni mita za mraba 1,012 hivi. Kwa hiyo mwenye robo ekari akitenga matuta matano hajatoa hata sehemu moja ya ishirini na tano ya ardhi yake. Hakuna mwanachama wetu atakayesema kwamba ardhi yake haitoshi bustani ya mboga.

Kazi ya kulima mara mbili, hata hivyo, ni nzito. Mjane mzee hawezi peke yake, wala mgonjwa hawezi. Vikundi vilivyofaulu ni vile vilivyolima kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, na aliye dhaifu akalimiwa tuta lake akabaki kupanda na kupalilia. Mahali ambapo kila mtu aliachwa na uma wake, matuta yalilimwa mara moja tu, hayakurudiwa.

SHULE YA SHAMBANI NA VIAZI VYA MANJANO

Katika miaka ya 1990 serikali ilipunguza watumishi wake, na bwana shamba akawa mtu wa kuonekana kwa nadra. Mwaka wa 1999 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na maendeleo ya kilimo yalianzisha shule za shambani katika Bungoma, Busia na Kakamega. Mpango huu ulizaliwa Indonesia mwaka wa 1989 kwa wakulima wa mpunga. Darasa lake ni shamba. Kikundi hukutana kila juma kwa msimu mzima, hutazama mimea, huchora kwenye karatasi walichokiona, hubishana, kisha huamua. Mwalimu hasemi, fanyeni hivi. Huuliza, mmeona nini? Utafiti wa Kristin Davis na wenzake juu ya shule hizo katika Kenya, Uganda na Tanzania, uliochapishwa mwaka wa 2012, ulionyesha kwamba kwa jumla ya nchi hizo tatu mapato ya kilimo ya waliohudhuria yaliongezeka kwa 61 katika 100, na kwamba zilifaa hasa wanawake na watu wenye elimu ndogo ya kusoma. Hao ndio waliosahauliwa na mabwana shamba wa zamani.

Mfano wa mwisho ni wa viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani, ambavyo vina vitamini A kwa wingi. Kati ya mwaka wa 2009 na 2014, katika Bungoma na Busia, kulikuwa na mpango ulioitwa Mama SASHA. Mama mjamzito aliyekwenda kliniki alifundishwa juu ya chakula, akapewa hati ya kwenda kuchukua marando ya viazi hivyo kwa mkulima wa karibu, na kijijini akajiunga na wenzake waliokutana chini ya mhudumu wa afya. Kliniki, shamba na kikundi vilifungwa kamba moja. Mwaka wa 2016 Zawadi ya Chakula ya Dunia ilitolewa kwa wataalamu wanne kwa kazi ya mazao yenye lishe zaidi, watatu kati yao, Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low, kwa kazi ya viazi hivi. Na tusimsahau Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mzaliwa wa magharibi ya Kenya, aliyekua kwa mboga za kienyeji kwa sababu mwili wake haukupatana na maziwa wala mayai, akaja kuzifanyia uchunguzi mboga hizo na kupewa tuzo ya Umoja wa Afrika mwaka wa 2010. Saga na mnavu, ambazo watu walizicheka kuwa chakula cha maskini, zikaingia katika vitabu vya chuo kikuu.

FAIDA ZAKE

Sasa tulirudie swali la wazee. Mafunzo haya yana faida gani kwa chama cha kusaidiana?

Kwanza, hupunguza shida ambazo fedha zetu huzikimbilia. Chakula cha aina nyingi humpa mtoto na mama nguvu ya kushindana na ugonjwa. Hatusemi mboga ni dawa ya kila kitu, lakini mwili usio na akiba huangushwa na homa ndogo.

Pili, hulinda nyumba siku mmea mkuu unapoanguka. Mwaka wa 2011 ugonjwa wa kuua mahindi ulionekana Bomet, ukaenea. Mwaka wa 2017 viwavi-jeshi wa aina mpya walivamia mahindi ya magharibi, Bungoma na Trans Nzoia zikiwamo. Mwaka wa 2022 bei ya mbolea ya dukani ilipanda mno. Katika kila shida hizo mwenye matuta ya mboga, viazi na kunde alikuwa na kitu cha kutia chunguni.

Tatu, huiacha fedha nyumbani. Mboga ya kila siku ni fedha ndogo, na kwa kuwa ni ndogo haihesabiwi. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukimaliza.

Nne, hurudisha heshima kwa ujuzi wa mama zetu. Kijana anapomwuliza bibi jinsi ya kuhifadhi mbegu za saga, shule ile ya kwanza imefunguliwa tena.

MASHAURI KWA MKUTANO MKUU

Historia hii imetufundisha kwamba mafunzo ya amri yalileta ugomvi, mafunzo ya hotuba yalisahaulika, na mafunzo ya kuonyeshana kati ya jirani na jirani yalidumu. Serikali ilipotangaza bustani milioni moja za jikoni mwaka wa 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ilikuwa nia njema. Lakini bustani hailindwi na tangazo, hulindwa na mtu aliye karibu nayo.

Kwa hiyo twaleta mashauri manne. Masomo yafanyike katika viunga vya wanachama kwa zamu, wala si katika ukumbi. Mwanamke aandikishwe kwa jina lake mwenyewe, awe na mume nyumbani au asiwe naye. Kila kikundi kiwe na mtu wa kutunza mbegu, na azigawe kwa hesabu. Na wajane, wazee na wagonjwa walimiwe kwanza, kabla ya wenye nguvu.

Fedha zitakazotakiwa ni za majembe na uma wa kushirikiana, na nauli ya mwalimu. Mfuko wa misiba usiguswe. Tena twaomba kwamba katika taarifa ya mwaka ujao isiandikwe ni watu wangapi waliohudhuria masomo, kwa sababu kuhudhuria ni rahisi. Iandikwe ni matuta mangapi yalikuwa na mboga mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi. Hesabu hiyo ndiyo itakayowajibu wazee wetu, nasi tutaikubali itakavyokuwa.